Mizinga Isiyo na Alama

Siku hizi vijana wakija kwangu Mitundu kujifunza ufugaji wa nyuki, swali lao la kwanza ni lilelile: mama, ulivumiliaje? Wanataka niwaambie maneno mazuri wakayaandike kwenye simu zao. Mimi nawaambia ukweli, kwamba haukuwa uvumilivu, ilikuwa hasira. Wanacheka, wanadhani natania. Basi ngoja nieleze vizuri, maana baba ametangulia, na mama naye kumbukumbu zimeanza kumkimbia. Nisiposema mimi, hakuna atakayesema.

Baba alikuwa mlina asali. Kulima alilima, kwetu nani halimi, lakini ungemuuliza yeye ni nani angekwambia mlina asali. Mvua zikikatika na nyasi zikianza kukauka, alikuwa anafunga unga wake wa mtama, chumvi, kamba na tezo, anaingia porini upande wa machweo, na hatumwoni wiki nzima, pengine mbili. Sisi watoto tulikuwa tunajua anarudi hata kabla hajafika uani. Harufu ndiyo iliyotangulia, moshi wa kienge, ule mwenge wa kufukizia nyuki, na nta, harufu iliyokaa kwenye koti lake mwaka mzima hata mama alifue vipi. Mpaka leo nikisikia nguo inanukia moshi wa porini mwili unanisisimka, nakuwa tena na miaka saba, nimesimama uani na sahani ya bati mkononi.

Alikuwa anatukatia masega kwa kisu, kila mtu na kipande chake, akianza na mdogo. Tunanyonya asali yote, tunabaki tunatafuna donge la nta mpaka linakosa ladha, kisha mama anapita na bakuli kuyakusanya madonge yetu, maana nta haitupwi. Jioni hizo nilikuwa naona hakuna watoto duniani wenye baba kama wetu. Hata sasa nikizikumbuka roho inaniuma kwa utamu wake.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokipenda kuliko asali yenyewe, nacho ni alama.

Kwetu kila mlina asali ana alama yake. Inachongwa kwa tezo ubavuni mwa mzinga, karibu na tundu la kuingilia nyuki, na wenzake wote wa porini wanaijua. Ya baba ilikuwa mikato mitatu iliyosimama, na mmoja uliolala juu yake. Aliipata kwa baba yake, naye aliipata kwa baba yake. Porini hakuna uzio wala mlinzi, alama ndiyo inayosema mzinga huu una mwenyewe. Mtu anaweza kupita na njaa yake yote, akaona mzinga umejaa mpaka unavuja, akiona alama anapita. Na mzinga usio na alama ni mali ya pori. Anayeukuta ameukuta, na hakuna atakayemwita mwizi.

Nilikuwa naichora alama ya baba kila mahali. Mavumbini kwa kidole, ukutani kwa mkaa, mpaka kwenye daftari la hesabu, mwalimu akanichapa kwa kuchafua kazi. Nikasema nikikua nitakuwa mlina asali. Baba alicheka sana, akawaambia majirani eti mama anataka kupanda miti. Alikuwa akiniita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Akikasirika tu ndipo ninakuwa "wewe."

Aliyepangiwa alama alikuwa kaka yangu. Masikini kaka, alikuwa anapelekwa porini kama anayepelekwa kuchomwa sindano, anarudi uso umevimba, haongei na mtu siku mbili. Alipopata nafasi ya kwenda Dodoma kuendesha bodaboda aliondoka asubuhi, na hajalala porini tena tangu siku hiyo. Hata hivyo baba aliendelea kusema alama ni ya kijana wake. Siku akichoka na mji atarudi, alikuwa anasema.

Mimi niliolewa Manyoni. Nilikaa huko miaka sita, nikapata watoto wawili. Mume wangu akaenda machimboni kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine akampata hukohuko. Sikutaka maneno mengi. Nilifungasha nguo za watoto na zangu, nikachukua na suruali yake moja ya kazi, sijui hata kwa nini, nadhani nilitaka na yeye akose kitu. Nikarudi Mitundu kwa wazazi.

Kurudi nyumbani ukiwa mtu mzima na watoto wako si mchezo. Hakuna aliyenisema, lakini kila nikichota unga kwenye ndoo ya mama nilikuwa najisikia nimepungua. Nikawa najiuliza usiku na mchana, mimi nilitaka kuwa nani kabla ya haya yote? Na jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka saba. Nilitaka mizinga yangu, ikiwa na ile mikato minne ubavuni.

Nilisubiri siku ambayo baba amekula ameshiba, nikapiga magoti nikamweleza. Nataka kufuga nyuki, nikasema, na ninakuomba alama yako. Alichokoa meno kwanza.

"Alama haiendi kwa mtu wa kuolewa," akasema. "Utaolewa tena, utaipeleka kwa watu."

Nikamwambia siolewi tena. Akasema wote husema hivyo. Akaongeza kwamba mwanamke hapandi mti wa mzinga, na mwanamke akishika mzinga nyuki wanahama, hayo yanajulikana. Nilifungua mdomo nimjibu, mama akanikanyaga mguu. Nikaufunga kwa hasira. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshaamua.

Kijijini kulikuwa na fundi mmoja mzee wa kuchonga mizinga ya magogo. Nilimwendea nikamwomba anichongee mitano, nami nitampalilia shamba lake la alizeti, palizi ya kwanza na ya pili. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akakubali, nadhani kwa sababu shamba lilikuwa limeshamezwa na majani. Nikalipalilia lote. Mizinga ilipokuwa tayari akanishauri kama mtu mwema. Akasema nichonge alama yoyote, hata mchoro wa jembe, kisha yeye atawaambia walina asali wenzake waijue, itakuwa yangu.

Hapo ndipo nilipoikosea njia mwenyewe, na simlaumu mtu. Nikamwambia nataka alama ya baba au basi. Mzee wa watu akanikumbusha kwamba mzinga bila alama hauna mwenyewe. Nikamjibu kwamba hakuna atakayeiona, nitaitundika upande wa mawio, ambako walina asali hawaendi kwa sababu ni karibu na kijiji na maua si mengi. Akasema haya, kichwa ni chako. Kiburi tu, jamani. Nilikuwa naona kuchonga alama nyingine ni kukubali kwamba nimenyimwa ile ya kwangu.

Mwaka wa kwanza niliharibu kwa usafi. Mama alitulea kwa kusugua, sufuria za nyumba yetu ungeweza kujitazama humo. Basi nilipoletewa mizinga yangu, ina vumbi la mbao na harufu ya moshi wa uani kwa fundi, nikaona nyuki hawawezi kuingia humo. Nikaibeba mmoja mmoja mpaka kisimani. Nikaisugua kwa mchanga na sabuni ya unga, nje na ndani, nikaisuuza, nikaianika ikawa inanukia vizuri kabisa. Nikaitundika. Nyuki walikuwa wanakuja, wanazunguka tunduni, wanaondoka zao. Maua yalichanua yakaisha, mizinga mitano mitupu.

Nilipomweleza fundi, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama niliwaandalia na mashuka. Kumbe mzinga unafukizwa moshi na kupakwa nta ndani, nyuki wafuate harufu ya wenzao. Nimezaliwa na mlina asali na sikulijua hilo, kwa sababu kazi hiyo baba alikuwa anaifanyia hukohuko porini, sisi nyumbani tuliona asali tu. Niliona aibu, lakini niliporudi nyumbani nilianza kunyemelea bakuli la nta la mama.

Mama alinikuta nalo mkononi. Alilichukua, akakata kipande kikubwa kuliko nilichotaka kuiba, akanipa. Tangu siku hiyo nikisema naenda kuokota uyoga au kuni, baba akiuliza mbona huyu anakawia, mama ndiye anayejibu. Uyoga wa mwaka huu uko mbali, anasema. Na watoto wangu alikuwa anakaa nao yeye.

Mwaka wa pili nyuki waliingia kwenye mizinga minne. Siku niliyoweka sikio kwenye gogo nikasikia wanavuma humo ndani nilicheka peke yangu porini. Tatizo nilikuwa naogopa kupanda juu. Mizinga niliitundika kwenye matawi ya chini, urefu wa mtu, na mmoja nikauegemeza tu kwenye panda ya mti. Nikajiambia woga wangu nitaushughulikia baadaye.

Nyegere hakusubiri baadaye. Nilikwenda asubuhi moja nikakuta mizinga yote iko chini, vifuniko vimepasuliwa, masega yametapakaa kwenye majani na nyuki waliofia humo. Kucha zake zimeparura magogo utadhani mtu alikuwa anayaranda. Nilikaa pale chini nikalia kwa sauti, nikalia na ya mume wangu, na ya machimbo, na ya kuchota unga wa mama yangu. Watu wakisema usikate tamaa huwa nawauliza, umekwishakaa chini ya mti ukalia mpaka kamasi zikakauka? Mimi siku ile nilikata tamaa kabisa. Nilirudi nyumbani nikakaa miezi miwili bila kukanyaga porini.

Kilichonirudisha ni maneno ya baba. Siku moja alikuwa anasimulia mambo ya nyegere, wala hakujua chochote, akasema nyegere ndiye anayemtenganisha mlina asali na mtu anayejaribujaribu. Anayejaribujaribu huacha akishaingiliwa mara moja. Nilikuwa nachambua mboga, nikatamani kumrushia ule ungo. Kesho yake nilivaa ile suruali ya mume wangu, nikaikaza kwa kamba kiunoni, nikaenda kujifunza kupanda miti nikiwa na miaka thelathini na moja.

Niliteleza mara nyingi. Mara moja nilianguka, mkono ukavimba, nikasema nimeteleza kisimani. Lakini nilijikaza kisabuni, na mvua zilipoanza nilikuwa naweza kufika kwenye matawi ambako nyegere hafiki, nikavuta mzinga kwa kamba, nikauning'iniza. Vifuniko sikujua kuvifunga kwa kamba za magome kama wanaume wanavyofanya. Nilichana kitenge changu cha zamani, cha maua ya njano, nikavifunga kwa vitambaa hivyo. Fundi alinikumbusha tena habari ya alama. Nikamwambia asinichoshe.

Mwaka huo wa tatu, we acha tu. Maua yalichanua mpaka pori lote linanukia, na mizinga yote mitano iliingia nyuki. Kufikia mwezi wa tano ilikuwa mizito, ukiisukuma hata haiyumbi. Nilikuwa nalala napanga: nitalina yote, nitaleta ndoo nyumbani kwa baba, nitaiweka mbele yake bila kusema neno, kisha nitamwomba alama kwa mara ya pili. Hilo ndilo nililokuwa nalifanyia kazi miaka mitatu. Nilitaka baba aione ile asali, aseme ndiyo.

Nilikuwa nimepanga kulina Jumatatu. Jumamosi mtoto wangu mdogo akashikwa na malaria, tukalazwa zahanati siku nne. Tuliporudi Jumatano jioni mtoto ana nafuu, tukakuta baba naye karudi, ndoo mbili uani, na watoto wa majirani wameshajaa na sahani zao. Nilifurahi jamani. Nilikuwa na njaa ya siku nne, nikaketi chini na watu, baba akanikatia sega nono.

"Kula, mama, umechoka," akasema.

Nikala. Nilikula kwa mikono miwili. Ilikuwa asali nyeupe, nzuri mno, nikamwambia baba ya mwaka huu imewapita za nyuma zote. Baba naye alikuwa na raha, akatafuna nta yake akitusimulia. Akasema goti lilimsumbua, hakuweza kufika kule mbali machweo, akaona ajaribu upande wa mawio kutafuta mahali pa karibu pa kuhamishia mizinga yake uzeeni. Na huko akakuta ajabu. Mizinga mitano imetundikwa vizuri, juu kabisa, imejaa, na haina alama hata moja. Ameizunguka yote akitafuta, hakuna. Mtu ana kazi nzuri hivyo halafu mjinga hivyo, akasema, au ni wageni waliohama. Akalina.

Nikaliweka sega chini. Nilimwona mama ameacha kuchota uji, mwiko uko hewani, hanitazami.

"Vifuniko vilifungwa na nini?" nikauliza.

"Hilo nalo ni ajabu," baba akasema. "Vitambaa. Vitenge vya maua ya njano."

Watoto wa majirani walikuwa wanachekacheka. Mimi nilisimama. Mikono inanata asali mpaka viwikoni, na nilichokisema sikukipanga.

"Ni yangu, baba. Ile mizinga ni yangu. Nimeitundika mimi, kwa mikono hii."

Alinitazama kama hajanisikia. Akasema haikuwa na alama. Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto jambo la kawaida, na kwa desturi yetu alikuwa na haki, hilo nalijua mpaka leo. Kama angekuwa mtu mwingine nisingeweza hata kumshtaki kwa mwenyekiti.

"Niliiomba hapahapa," nikasema. "Ukaninyima."

Sijawahi kumwambia baba yangu neno kwa sauti ile, si kabla wala baada. Baba alikuwa na donge la nta mdomoni, akaacha kulitafuna. Akalitoa, akaliweka kwenye bakuli la mama, akanyanyuka, akaenda zake nyuma ya nyumba. Mimi niliingia ndani nikalala na mikono yangu hivyohivyo bila kunawa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko nyegere. Asubuhi nilikuwa nampigia magoti, shikamoo baba, naye anaitika marahaba, na hayo ndiyo maneno yetu mpaka kesho yake. Ugomvi ni ugomvi na shikamoo ni shikamoo. Asali ile haikuguswa tena, ndoo zilikaa kwenye pembe ya jiko zimefunikwa. Sikujua nimkasirikie nani. Baba hakuniibia. Fundi alinionya mara tatu. Nilikuwa na miaka mitatu ya kazi, na yote ilikuwa imeliwa uani kwetu kwa furaha, na mimi mwenyewe nimelamba vidole. Mchana nilikuwa nalia kisimani, nikirudi nyumbani nakaza uso.

Mama alimwambia kitu. Nilisikia sauti yake ndogo upande wa pili wa ukuta, kwa lugha ya nyumbani, mfululizo. Alimwambia nini sikuwahi kuambiwa.

Asubuhi ya siku ya sita baba alijibu marahaba, kisha hakuondoka. Alikuwa amevaa koti lake la porini na tezo iko begani.

"Nionyeshe," akasema.

Tulikwenda taratibu kwa sababu ya goti lake. Mimi nilikuwa nimevaa gauni na kitenge, sikuthubutu kuvaa suruali mbele yake. Tulipovuka korongo akasimama kupumzika akiwa ameshika mti. Akaniuliza, na ukiolewa tena je? Nikamwambia nikiolewa tena nitakwenda na mizinga yangu, na huyo mwanamume nitamweleza siku ya kwanza kabla hajaketi. Nilidhani atakasirika. Alicheka, akacheka mpaka akashika goti kwa maumivu, akasema twende.

Tukafika kwenye mti wa kwanza. Akatazama juu, akatazama shina, akapapasa mahali ambapo miguu yangu ilikuwa imechubua gome. Aliuliza kama nilipanda hapo mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza hakuna mtu aliyenisaidia kuvuta. Nikasema hakuna. Mzinga huo nyuki walikuwa wameuhama baada ya kulinwa, hivyo hakukuwa na hatari ya kuushusha. Goti lake halikumruhusu kupanda mara nyingine, akaniambia nipande mimi. Nikamwambia, baba, nimevaa gauni.

Alinipa mgongo, akaenda hatua kadhaa, akasimama ameutazama upande wa pili wa pori, mikono nyuma. Nikafunga kitenge katikati ya miguu, nikapanda. Hakugeuka hata tawi moja lilipokatika chini yangu, ila nilimwona mabega yake yameshtuka. Nilishusha mzinga kwa kamba mpaka ukagusa chini, nikateremka, nikajitengeneza nguo, ndipo nikamwambia tayari.

Akaketi chini, akalibana gogo kwa miguu yake miwili, akafuta vumbi ubavuni kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono na kunipa tezo.

"Kata wewe, baba," nikasema, nikimrudishia tezo.

"Mimi nimeshakata za kwangu," akasema. "Kata."

Nikapiga mkato wa kwanza, ukasimama. Wa pili ukasimama. Machozi yalikuwa yananitoka bila sauti, sikuweza kuyafuta kwa sababu ya tezo, na wa tatu ukaenda upande, ukainama juu ya mwenzake. Nikakata ule wa kulala juu yao. Nikatazama. Nilikuwa nimeichora alama ile maisha yangu yote, ukutani na mavumbini, na siku ya kuikata nimeikosea.

"Imepinda," nikasema. "Niisawazishe?"

Baba alipitisha kidole kwenye kila mkato, akaishia kwenye ule ulioinama, akakaa hapo.

"Iache," akasema. "Watu watajua ni ya nani."

Akashika gogo upande wake, akaningoja nishike wangu.